Farid Yupi?

Kitabu kitakatifu cha Kalasinga kina kurasa 1430, na ukifika ukurasa wa 1377 unamkuta Mwislamu anasema. Jina lake Sheikh Farid. Ana beti 112, zimeingiliwa hapa na pale na majibu ya maguru wenyewe, na nyuma huko ana nyimbo nne, mbili katika ukurasa wa 488 na mbili katika ukurasa wa 794. Kalasinga hukifungua kitabu chao alfajiri popote kitakapofunguka, na wimbo unaojitokeza ndio agizo la siku. Kikifunguka ukurasa wa 488, waumini wa Nairobi, wa Moshi au wa Amritsar hushinda na neno la shehe aliyezikwa kwa sala yetu, huko Punjab, mwaka 1265. Nasema hivyo nikichukulia kwamba mwenye neno ni huyo wa 1265. Wapo wanaosema siye, ni mwingine wa jina lake, aliyekuja karibu miaka 300 baadaye.

Mimi nasema ni wa kwanza. Sababu zangu sizitoi kwenye lugha ya beti, kwa kuwa Kipunjabi sikijui. Nazitoa kwenye swali ambalo mtu yeyote aliyelelewa ndani ya tarika huliuliza kabla ya maswali mengine: shehe wake nani, na alipokufa urithi wake ulishika njia gani?

Kulelewa kwangu ni Bagamoyo. Baba alikuwa muridi katika nyumba ya Shehe Ramiya, yule Yahya bin Abdallah aliyeletwa pwani mtumwa kutoka Manyema, akasoma, akawa khalifa wa Kadiria mwenye wafuasi mpaka bara ya mbali, akafariki 1931. Kwetu silsila ilisomwa kama wengine wanavyosoma ukoo wao: huyu alipewa ijaza na huyu, naye na huyu, mpaka kwa Sheikh Abdulkadir wa Baghdad, na kutoka kwake mpaka kwa Mtume. Mtoto ukiruka jina moja unarudishwa mwanzo. Nilikuwa narudishwa sana.

Kilichonileta Mgololo ni kazi. Mahali penyewe hata mtu wa Mafinga hukuuliza umefuata nini kule. Kiwanda cha karatasi kilianza mwaka 1985, serikali ikiwa imekijenga kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani kama Sweden, ili kile paini za Sao Hill, kikikusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Reli ya TAZARA inapita hapo. Ukungu wa Mufindi huingia mpaka chumbani, na mtu wa pwani mwaka wake wa kwanza analala na koti. Niliwekwa maabara: kupima uzito wa karatasi kwa kila mita ya mraba, kuichana kwa mashine ili kujua nguvu yake, kutazama nyuzi kwenye hadubini. Mwaka 2004 kiwanda kilibinafsishwa, kikachukuliwa na kundi la kampuni za Rai kutoka Kenya, kikawa Mufindi Paper Mills, na karatasi yake leo ni ile ya kaki ya mifuko na maboksi. Ndipo wakaja mafundi wageni, mmoja wao Kalasinga wa boila, mzaliwa wa Nakuru, ndevu zimefungwa wavu, kilemba cha buluu hata kwenye joto la mvuke.

Siku moja mchana nilikuwa nimemaliza sala, nawarehemu masheikh kimoyomoyo kwa desturi ya baba, ila nadhani sauti ilinitoka. Fundi alikuwa amekuja kuchukua majibu ya maji ya boila. Akangoja mpaka nimalize.

"Shehe, hao ni wakubwa wa tarika yenu?"

"Ndio wao, fundi. Kadiria."

"Baba Farid naye ana orodha. Kule India yeye ni wa tatu tu kutoka Ajmer."

Nikamuuliza Kalasinga wana shughuli gani na Baba Farid.

"Yumo kwenye kitabu chetu."

"Ametajwa?"

"Hakutajwa, Shehe. Anasema mwenyewe."

Baadaye nilielewa kwa nini alilisema kwa wepesi hivyo. Watu wa Punjab walikuja Afrika Mashariki na tabia ya kushirikiana mawalii. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, Waislamu, Kalasinga na Wahindu wa vijiji vilevile. Pale Mackinnon Road, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mnyapara wa reli hiyo aliyefariki 1902. Inasimuliwa kwamba karai la udongo alilobeba halikugusa kichwa chake, lilielea juu kidogo. Mpaka leo dereva Mhindu, Kalasinga au Mwislamu akipita hapo husimama akaomba safari njema. Fundi naye alikuwa akipitishwa hapo na baba yake kila walipokwenda Mombasa. Kwa mtu kama huyo, shehe ndani ya kitabu si jambo la kushangaza hata kidogo. Aliyeshangaa ni mimi.

Aliporudi likizo aliniletea juzuu moja ya kitabu cha Max Arthur Macauliffe, mtu wa Ireland aliyekuwa hakimu wa serikali ya Waingereza huko Punjab, akaandika juzuu sita juu ya dini ya Kalasinga zilizochapishwa 1909. Hapo ndipo nilipokutana na ugomvi. Macauliffe anasema beti hizo si za Farid mkubwa. Anazipa Sheikh Ibrahim, mjukuu wa mbali aliyekalia mkeka wa Farid katika karne ya 16, ambaye watu walimwita Farid wa Pili. Mtu mwenye juzuu sita huaminiwa, na kauli yake imerudiwa na wengi waliomfuata.

Kwanza basi tumtazame huyo mkubwa.

Fariduddin Masud alizaliwa Kothewal, karibu na Multan, katika robo ya mwisho ya karne ya 12. Baba yake aliitwa Jamaluddin Sulaiman. Jamaa zao walikuwa wametoka upande wa Kabul. Watu hupenda kisa cha mama yake, aliyekuwa akificha sukari chini ya mswala ili mtoto avutike kusali, mpaka siku moja akasahau kuiweka na mtoto akaikuta ipo. Kutoka hapo Farid akabaki na lakabu ya hazina ya sukari. Kisa kitamu, lakini cha Multan kina uzito zaidi. Farid alikuwa kijana, amekaa msikitini anasoma kitabu cha fikihi kiitwacho Nafi'. Akaingia mgeni, akamuuliza anasoma nini, akamwombea kitabu kimfae. Mgeni huyo alikuwa Khwaja Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, mzaliwa wa Osh, mji ambao leo uko Kirgizia, na kijana akamshika palepale hakumwachia.

Qutbuddin ndiye murshid wa Farid. Naye murshid wake alikuwa Muinuddin Chishti wa Ajmer, aliyeitia mizizi India tarika iliyochukua jina la mji wa Chisht, karibu na Herat. Fundi alikuwa sahihi: Muinuddin, Qutbuddin, Farid, wa tatu kutoka Ajmer. Inasimuliwa kwamba Muinuddin alifika Delhi akamwona Farid chumbani kwake, akamwambia Qutbuddin kwamba amenasa kipanga wa kutua juu kabisa. Shehe na shehe wa shehe wakamwombea kwa pamoja. Kwa anayejua mambo haya, hilo ni adimu. Mwanafunzi huwa hamfikii babu.

Lakini Qutbuddin hakuwa mwalimu wa kudekeza. Farid alipomwomba ruhusa ya kukaa khalwa siku 40, akamjibu kwamba mambo ya namna hiyo huleta sifa. Farid akasema yeye hatafuti sifa. Maneno machache tu, tena ya kweli, na inasimuliwa kwamba alijuta maisha yake yote kumjibu murshid wake. Badala ya khalwa ya kawaida akapewa iliyo ngumu kuliko zote: kuning'inia kichwa chini ndani ya kisima. Wanasema aliifanya katika mji wa Uch, mwadhini wa msikiti akimteremsha kwa kamba baada ya isha na kumpandisha kabla ya alfajiri, usiku 40. Baba angesema mwadhini huyo naye alistahili ijaza.

Qutbuddin alifariki Delhi mwishoni mwa 1235, na kifo chake ni maarufu kuliko maisha yake. Katika kikao cha kaswida aliposikia ubeti mmoja wa Kiajemi alipandwa na hali, akawa anaurudia mchana na usiku, anazinduka kwa sala tu, siku nne, mpaka roho ikatoka. Miezi michache baadaye, mwaka 1236, Muinuddin naye akafariki Ajmer. Farid hakuwapo kwa mwalimu wake. Alikuwa Hansi, mji mdogo kaskazini-magharibi ya Delhi. Alipofika maziko yalikuwa yamepita, akakabidhiwa amana alizoachiwa: joho, fimbo, mswala, viatu vya mti.

Angebaki Delhi angekuwa shehe wa masultani. Hakukaa. Maskini mmoja alitoka Hansi kuja kumwona akazuiliwa mlangoni na bawabu, na Farid alipopata habari akafunga mizigo. Akarudi Hansi, kisha akaenda mbali zaidi, Ajodhan, kivuko cha Mto Sutlej, mahali pa wavuvi, wachunga ngamia na wasafiri wa Multan. Huko alikaa mpaka kufa kwake. Mji ulikuja kuitwa Pakpattan.

Ajodhan ya wakati ule tunaijua kwa sababu mwanafunzi wake mpendwa, Nizamuddin Auliya, aliizungumzia sana uzeeni Delhi, na Amir Hasan Sijzi akawa anaandika vikao vyake kuanzia 1307 mpaka 1322. Nyumba ilikuwa na njaa ya kuchagua. Walichemsha matunda ya porini, mara nyingi bila chumvi. Nizamuddin kijana siku moja aliona vibaya, akakopa chumvi dukani akatia chunguni. Farid alinyoosha mkono kwenye sahani, mkono ukawa mzito, akauliza chumvi imetoka wapi. Alipoambiwa akasema fakiri bora afe na njaa kuliko kukopa kwa ajili ya tumbo, na chakula kikaondolewa. Hapohapo, katika kumbukumbu hizohizo, kuna yogi Mhindu amekaa nyumbani kwa Farid wakizungumza habari za nafsi na mwili na Nizamuddin anasikiliza. Mlango ulikuwa wazi mpaka karibu usiku wa manane. Siku moja mtu alimletea zawadi ya mkasi akaurudisha, akasema apewe sindano, kazi yake kushona, si kukata.

Watu waliopita mlango ule walisema lugha gani? Si Kiajemi. Kiajemi kilikuwa cha wasomi na makarani. Mvuvi wa Sutlej alisema lahaja ya Multan, na Farid alizaliwa ndani yake. Shehe aliyetaka kumwonya mvuvi kwamba siku zake zinahesabika, kwamba nywele zimeshaanza kuwa nyeupe, kwamba mkate wake hata uwe wa mti unamtosha, angemwambia kwa lahaja hiyo, na kwa ubeti ili asisahau. Hayo ndiyo yaliyomo katika zile beti 112: uzee, kaburi, njaa, kuchelewa kuamka. Msomaji wa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atajiona yuko nyumbani.

Sasa upande wa Macauliffe, na si upande mwepesi. Wafuasi wa Nizamuddin waliandika sana. Baada ya Amir Hasan akaja Amir Khurd, ambaye babu yake aliishi na Farid Ajodhan, naye akaandika wasifu mrefu wa mashehe wa Chishti. Katika vitabu hivyo tunapata visa vya Farid kwa wingi, na vipande vichache vya maneno yake ya lahaja, lakini hatupati diwani. Shehe anatunga zaidi ya beti mia, na wanafunzi waliohesabu hata chumvi yake hawazitaji? Pili, lugha ya beti zilizomo kitabuni, kwa wanaoijua, inaonekana changa kuliko karne ya 13. Tatu, Sheikh Ibrahim alikuwapo kweli Pakpattan, akafariki 1552, na visa vya maisha ya Guru Nanak, guru wa kwanza wa Kalasinga, aliyeishi 1469 mpaka 1539, vinasema walikutana wawili hao na kujibizana kwa beti. Zilizowekwa mdomoni mwa Ibrahim katika visa hivyo ndizo hizi zinazosomwa kama za Farid. Hakimu akakata hukumu.

Nadhani hakimu hakuuliza juu ya mirathi.

Farid alipofariki Ajodhan mwaka 1265 aliacha vitu viwili, na vikaenda njia mbili. Joho lilikwenda kwa Nizamuddin, ambaye hata hakuwapo; alikuwa Delhi, kama yeye Farid alivyokuwa Hansi kwa Qutbuddin, na shehe mwenyewe alilikumbusha hilo kabla hajakata roho. Watoto walinung'unika, amana ya baba inachukuliwa na mtu wa nje. Mkeka na kaburi vikabaki kwao: mwanawe Badruddin Sulaiman akakaa, na baada yake wanawe na wajukuu, mpaka kwa Ibrahim. Tangu siku hiyo kulikuwa na nyumba mbili za Farid. Moja ilikuwa Delhi, ya wasomi, inaandika Kiajemi, imekaa karibu na jumba la sultani hata kama Nizamuddin alikataa kuingia humo. Nyingine ilikuwa kivukoni, ya ukoo, inahudumia mahujaji wa mashambani kwa lahaja yao.

Vitabu vyote ambavyo tunaulizana juu ya ukimya wake ni vya nyumba ya Delhi. Kwamba havitaji diwani ya lahaja ni sawa na kutokuta nyimbo za wanawake wa Bagamoyo katika barua za Kiarabu za masharifu wa Unguja. Nyimbo ziliimbwa. Mwenye kalamu hakuwa na haja nazo. Beti za Farid zilibaki zilikoanzia, kwa watoto wake, kwa waimbaji wa kaburini, kwa wavuvi, na hakuna aliyekuwa amezitia wino.

Hata jina lilikuwa limeanza kuchanganywa mapema. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wetu, miaka michache baadaye alipita Ajodhan. Akaandika kwamba ni mji wa Shehe Fariduddin, kisha akamwita mtu wa Badaun. Badaun ni kwao Nizamuddin. Haijafika hata karne moja tangu Farid azikwe, na msafiri makini tayari amemvisha shehe mji wa mwanafunzi wake.

Kuhusu lugha changa nina la kusema kutoka maabara. Ukiyeyusha karatasi kuukuu ukaifanya mpya, mezani inaonekana mpya. Ukiiweka chini ya hadubini unaona nyuzi ndefu za paini zilizokwisha kukatikakatika kwa kupondwa mara nyingi, zimechanganyika na za jana. Tarehe ya karatasi ni ya leo, uzi ni wa zamani. Beti iliyokaa midomoni miaka 339, kutoka 1265 mpaka ilipoandikwa 1604, haiwezi kubaki na maneno yake yote. Sisi tunalo la kwetu: nyimbo za Fumo Liyongo zimebishaniwa karne zake kila upande, utendi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa ni wa 1913, na hakuna mtu Lamu anayesema kwa hiyo Liyongo ni Kijumwa.

Kuna jingine, na hili fundi ndiye aliyenionyesha kwa kidole. Kitabu kilikusanywa na Guru Arjan, guru wa tano, karani wake akiwa Bhai Gurdas, kikakamilika 1604. Ibrahim alikuwa amekufa miaka 52 tu kabla. Wazee waliomwona walikuwa hai, na katika visa vya Nanak anaitwa kwa jina lake, Sheikh Brahm. Arjan alikuwa mtu wa kupanga: kila wimbo una jina la mwenyewe, kila raga mahali pake, Kabir mfumaji pake, Ravidas wa kazi ya ngozi pake, Namdev mshona nguo pake. Mtu wa namna hiyo aandike beti za jirani yake wa juzi chini ya jina la babu wa karne ya 13, asiweke hata alama? Ameandika Sheikh Farid, basi.

Tena maguru wanamjibu. Farid anapozungumzia kuuchoma mwili kama tanuri kwa ajili ya kumtafuta Mola, Nanak anafuata chini yake akipinga: kichwa na miguu vimekosa nini hata viadhibiwe, anayetafutwa yumo ndani. Farid anaposema aliyeshindwa kumpenda Mola nywele zikiwa nyeusi ni shida kumpenda zikiwa nyeupe, Guru Amar Das anajibu kwamba kwa Mola nyeusi na nyeupe ni mamoja, mapenzi huyatoa mwenyewe. Amar Das aliushika uguru 1552, mwaka aliokufa Ibrahim. Arjan mwenyewe ana majibu yake pia, na Ibrahim ameshazikwa zamani. Hawa wanazungumza na maandiko, kama mufasiri anavyozungumza na aya, na hawamfutii Farid neno lake ili lao lionekane zuri. Mimi naliona hilo kubwa kuliko suala la tarehe. Kisima cha Uch kimekosolewa na kimeachwa.

Ibrahim basi alikuwa nani? Kwa maoni yangu ndiye aliyefungua sanduku. Nanak alipofika Pakpattan alimkuta mrithi wa kaburi anayejua beti za mzee kwa moyo, akazisikia kwake, akazibeba. Labda Ibrahim aliongeza zake. Waimbaji wa kaburini huongeza. Lakini hakuna anayemdai mchukuzi kwamba mzigo ni wake. Na kama beti zingekuwa zake, murshid wake angekuwa baba yake na kabla yake babu yake, urithi wa damu uliomkuta amekaa. Farid wa beti hizi ni mtu aliyemfuata mgeni kutoka msikiti wa Multan akaacha kwao. Kitabuni hakumtaja Qutbuddin kwa jina, lakini ule ukali kwa nafsi na lile juto la kuchelewa mimi najua vinakotoka: kwa mwanafunzi aliyejibu mara moja na asijisamehe.

Nilipomweleza fundi haya yote, alikubali la mirathi, akakataa la Ibrahim kuwa mchukuzi tu. Anasema kwao hadhi ya Ibrahim ni kubwa kuliko ninavyompa, maana aliketi na Nanak. Kisha akaniuliza kwa nini ninahangaika na nani alimkabidhi nani. Kwao jambo lilikwisha 1708, Guru Gobind Singh alipokuwa anakufa Nanded akasema baada yake hakuna guru mtu, guru ni kitabu. Silsila ikaishia kwenye karatasi, pamoja na Farid aliyemo ndani.

Nikamwambia afadhali wao wanajua ukurasa. Sisi Wachishti na Wakadiri bado tunahesabu watu. Huko Pakpattan, ambako tangu India na Pakistan zigawanywe 1947 karibu hakuna Kalasinga aliyebaki, wajukuu wa Farid bado wamekaa juu ya mkeka na kila Muharram maelfu hupanga foleni kupita mlango wa kaburi lake. Upande wa pili wa mpaka, India, mji wa Faridkot umebeba jina lake na humfanyia sherehe kila Septemba, Kalasinga wakiwa wenyeji. Nakala ya 1604 yenyewe inatunzwa Kartarpur, karibu na Jalandhar. Fundi aliniuliza, kwa utani, kama wangenipa kipande chake maabara ningeweza kumtambua Farid. Nikamwambia ningetambua nyuzi za karatasi, na zingekuwa za 1604, za Arjan. Kwa ule wakati mwingine wote wa nyuma yake, kutoka kivukoni mpaka kwa Bhai Gurdas, hakukuwa na karatasi ya kupima.